Kidude Kilichochemshwa Jikoni kwa Odeta

Ukitoka soko la samaki la Mwaloni, hapa Mwanza, ukapanda mlima wa Kirumba, ukafika pale pikipiki zinapobadili gia, utaona nyumba imeegemea jiwe kubwa kuliko yenyewe. Hapo ndipo anapokaa Odeta. Utaijua kwa sufuria. Zimefunikwa kifudifudi juu ya jiwe, kubwa kwa ndogo, zinakauka, na ukiwa chini ziwani asubuhi zinakumulika machoni. Mbele ya nyumba kuna gari jeupe la zamani, lenye nafasi ya mizigo nyuma. Pua yake imetazama chini, na tairi limezuiwa na jiwe.

Hilo la gari kutazama chini usilipite haraka. Sisi wa milimani ndivyo tunavyoegesha. Betri ikigoma asubuhi, humwiti mtu. Unaondoa jiwe, gari linateremka lenyewe, unaachia klachi kwenye gia ya pili, linashtuka, linawaka. Marehemu Luhaga, mume wa Odeta, alikuwa akisema gari lililotazama juu ni mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Na Luhaga nilikaa kwenye lori la pamba miaka kumi na mmoja, yeye dereva, mimi utingo. Siku hizi sina kazi ila kutembea, na miguu yangu ikichoka, mara nyingi huchokea kwa Odeta. Wengine humwita Mama Precious, kwa jina la binti yake aliyeolewa Geita.

Odeta ni mzaliwa wa Magu. Alipika kwenye jiko la chuo cha walimu Butimba miaka ishirini na miwili, na kwa miaka yote hiyo alikuwa na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa kuuliza. Kwa nini maziwa yakichemka huumuka yakamwagika, na maji hayafanyi hivyo? Kwa nini chumvi hulainika msimu wa mvua? Aliyekuwa akimjibu ni mwalimu wa sayansi, Mhaya mmoja jina lake Adventina, na siku mwalimu huyo alipostaafu alimwachia zawadi ya kipimajoto cha kioo, akamwambia, "Maswali mengine utayauliza maji yenyewe." Odeta amekitunza kwenye soksi ya mtoto, ndani ya kabati la vyombo.

Naye alipoacha kazi ya chuo hakukaa. Alinunua sufuria kubwa, moja moja, akawa anapika kwenye misiba na harusi. Luhaga ndiye aliyekuwa akimbebea kwa gari hilo jeupe. Luhaga alipofariki, Odeta alikuwa na miaka hamsini na mmoja na hajawahi kushika usukani. Baada ya arobaini akaenda kujifunza. Nilikuwepo siku aliyopanda mlima huu mara ya kwanza peke yake. Alipofika juu alizima gari, akaweka jiwe chini ya tairi, akaenda kuosha mchele.

Sasa, mwezi uliopita, gari likachemsha.

Alikuwa amebeba sufuria na viungo kwenda kupika kwenye msiba, juu kabisa ya mlima. Katikati ya kupanda, moshi ukatoka kwenye boneti, mshale wa joto ukalala kwenye wekundu. Akasimama, akasubiri lipoe, akajaza maji pale pale mlimani, akapanda hatua nyingine, likachemsha tena. Waombolezaji walikula saa kumi jioni. Kwa mpishi wa misiba, hiyo ni habari inayotembea kuliko mimi.

Jumatatu habari hiyo ilikuwa imefika Buhongwa, kwa Ngosha. Huyu Ngosha ni mdogo wake Luhaga, mtu wa ng'ombe na wa vikao, ana sauti ya kuitia mifugo ng'ambo ya bonde. Alikuja, akanikuta uani kwa Odeta nakunywa chai.

"Mwangaluka, mzee Yeremia."

"Mwangaluka, Ngosha. Za Buhongwa?"

"Salama. Nimekuja kuona birika la shemeji."

Odeta akatoka jikoni anafuta mikono. "Karibu, shemeji. Birika gani?"

"Hilo jeupe. Kaka yangu aliacha gari. Mimi naambiwa mjini kuna birika linapanda mlima likitoa mvuke."

"Limechemsha mara moja tu."

"Mara mbili. Mara ya pili watu walikuwa wamekaa kwenye majamvi wanasubiri chakula." Akaketi, akapokea kikombe. "Shemeji, hatugombani. Ukoo umezungumza. Gari linataka mtu wa kulijua. Mimi nitalipeleka Buhongwa, litafanya kazi ya ng'ombe, litabeba pumba na dawa. Wewe ukiwa na shughuli utapiga simu, nitakuja kukubebea."

"Utakuja saa ngapi, shemeji?"

"Nikimaliza kukamua."

"Na msiba utasubiri ukamue."

Mimi nikacheka, Ngosha akanitazama nikaacha. Lakini uso wa Odeta haukuwa wa kucheka. Nilimjua. Gari likienda Buhongwa, sufuria zile zingebaki kumulika macho ya watu tu. Na kulikuwa na zaidi ya sufuria. Kile kiti cha dereva alikuwa amekipata kwa shida.

"Shemeji," akasema, "unataka kuona nini ili uamini gari lina mtu?"

Ngosha akafikiri. Ni mkali lakini si mwongo. "Jumamosi nakuja. Nitapanda nawe kutoka Mwaloni mpaka hapa, na mzigo nyuma. Lisipochemsha, sitalizungumza tena na ukoo hautalizungumza. Likichemsha, nimekuja na kamba ya kulivuta. Mzee Yeremia ni shahidi."

"Ni shahidi," Odeta akasema, na mimi sikuulizwa.

Kesho yake akaja fundi Nestory, ambaye ana gereji chini ya mlima, kijana mwema mwenye haraka. Aliwasha injini ikapata moto, akainua boneti, akashika mpira wa juu unaopeleka maji kwenye rejeta, akashika wa chini, akatikisa kichwa.

"Ni themostati, mama. Imekufa, haifunguki, maji hayazunguki. Dakika kumi naitoa naitupa, umemaliza."

"Unatupa halafu unaweka nini?"

"Siweki kitu. Hii ni ya nchi za baridi. Magari yote ya Kirumba unayoyaona hayana."

Ni kweli, ndivyo mafundi wetu wengi wanavyofanya, na hata kwenye lori letu la pamba ilitolewa. Sikuwahi kuuliza. Odeta akauliza.

"Aliyelitengeneza gari hili alikuwa mjinga?"

"Hapana, mama."

"Alikuwa na vyuma vingi hana pa kuviweka?"

Nestory akacheka. "Hapana."

"Basi aliweka kwa nini?"

"Mama Precious, wewe ungefaa mahakamani. Mimi nimefundishwa kutoa, natoa."

"Si kosa lako. Nionyeshe tu ilipo."

Akamwonyesha. Pale mpira wa juu unapoingia kwenye injini kuna kifuniko cha chuma, kimeshikwa na bolti mbili za spana namba kumi. Nestory akamwachia spana na koleo, akaondoka anatabasamu. Alidhani atarudi jioni kuifanya mwenyewe.

Odeta hakugusa kitu mpaka injini ilipopoa kabisa. Alifungua koki ya chini ya rejeta, akakinga maji kwenye sufuria, akayapima kwa jagi lake la jikoni, la lita moja, kama anavyopima maji ya wali. Majagi matano na nusu. Akachora kwa mkaa ukutani, mistari mitano na mmoja mfupi. Nikamuuliza anachora ya nini. "Kilichotoka lazima kirudi, mzee," akasema.

Kisha akafungua bolti mbili, mimi nikizishika kiganjani zisipotee. Kifuniko kikatoka, na chini yake ndicho hicho kidude. Kinatosha kukaa kiganjani, kina kisahani cha shaba katikati na springi chini, na pembeni kimechongwa namba 82. Nilitegemea kitu kikubwa zaidi, kwa vile kilivyotaka kumfilisi mtu gari.

Akakipeleka jikoni.

Jiko la mkaa lilikuwa limewashwa. Akateka maji kwenye sufuria ndogo, akalaza mwiko juu ya mdomo wake, akafunga kidude kwa uzi kwenye mwiko kikaning'inia majini bila kugusa chini, na pembeni yake akaning'iniza kipimajoto cha mwalimu Adventina. Tukachuchumaa wote wawili tunatazama kama watu wanaosubiri yai lipasuke.

Sitini. Sabini. Themanini. Themanini na mbili, ile namba yenyewe, kimya. Tisini. Maji yakaanza kuruka. Kidude kimefumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa.

"Huyu amekufa kweli," Odeta akasema. "Sasa nataka kumwona mzima."

Akashuka mjini kwenye duka la spea, akarudi na kipya chenye namba ile ile, na mpira mwembamba wa kuzuia maji kuvuja. Pia alirudi na maneno ya muuzaji: katikati ya kidude kuna kishina, na ndani yake nta. Ikipata joto inayeyuka, inavimba, inasukuma kisahani. Ikipoa inasinyaa, mlango unafunga.

"Kama samli," nikasema. Nyumbani Usukumani samli ya asubuhi unaichota kwa kijiko, ya mchana unaimimina.

"Kama samli iliyofungiwa kwenye chuma," akasema, na macho yakamng'aa.

Tukachemsha kipya. Sabini na tano, hakuna. Themanini, hakuna. Themanini na tatu, kisahani kikaanza kushuka polepole, ufa mwembamba ukatokea, ukapanuka, na kidude kikaachama kama sato aliyetolewa wavuni. Odeta akakitoa kwenye maji. Kikafumba. Akakirudisha. Kikaachama. Alifanya hivyo mara nne, na mara ya tano nilifanya mimi.

"Sasa nimeelewa," akasema. "Injini ni chungu, mzee. Ukipika maharage huku unamimina maji baridi kila saa, utamaliza gunia la mkaa. Huyu anafunga mlango mpaka chungu kipate moto wake. Ukizidi, anafungua, maji yanakwenda rejeta kupoa. Ni mpishi huyu."

"Na magari ya Kirumba?"

"Yanapika bila mpishi. Ndiyo maana yanakunywa mafuta."

Akakwangua mabaki ya mpira wa zamani kwa kisu cha kuparia samaki, akakiweka kipya, katundu kadogo ka kutolea hewa kakitazama juu kama alivyoelekezwa dukani, akafunga bolti mbili kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo. Halafu akajaza maji yaliyochanganywa na ile dawa ya kijani ya rejeta. Yakaingia, yakajaa, yakafurika mdomoni. Akafunga mfuniko. Hiyo ilikuwa Alhamisi, na tulikula mchana tukiwa na furaha ya bure.

Ijumaa asubuhi aliwasha gari akaliacha likinguruma hapo hapo lilipoegeshwa. Mshale ukapanda hadi katikati. Sawa. Ukapita katikati. Ukaendelea, bila haraka, mpaka ukagusa wekundu. Odeta akazima. Nestory alikuwa anapita, akasimama, akashika kiuno.

"Nilikwambia, mama. Tungetupa."

"Kipya kinafunguka, baba. Nimekiona kwa macho yangu."

"Kwenye sufuria. Hili ni gari."

Akaenda zake. Odeta akashika mpira wa juu kwa kitambaa kisha kwa mkono. Ulikuwa na uvuguvugu tu. Injini inaungua, mpira wa jirani una uvuguvugu. Akakaa kwenye kizingiti. Kesho ni Jumamosi, na Ngosha ana kamba.

Mimi nikaenda kutazama kitu kingine. Nikatazama mistari yake ya mkaa ukutani. Mitano na mfupi mmoja. Chini yake alikuwa amechora mingine jana wakati wa kujaza. Mitatu na mfupi mmoja.

"Odeta," nikasema, "hii ya chini ni nini?"

"Majagi niliyorudisha." Akainuka. "Matatu na nusu. Lakini lilijaa, mzee. Lilifurika, ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Yametoka matano na nusu, yakajaa kwa matatu na nusu. Pa majagi mawili pamekaliwa na nani?"

Swali hilo lilining'inia pale uani kama kile kidude kwenye uzi. Halafu maji ya bomba yakaanza kutoka. Kwetu mlimani maji huja kwa zamu, na yakija unaacha yote unakinga. Odeta akakimbilia dumu la njano, akaliweka chini ya bomba haraka haraka, nalo likainama kwa ule mteremko, mdomo kuelekea bondeni. Maji yakaingia, yakafika nusu, yakaanza kumwagika mdomoni. Akaliegemeza upande wa pili, mdomo juu. Likatoa sauti, glu, glu, likameza, likajaa.

Akabaki ameshika dumu. Akalitazama. Akatazama gari. Maji yakamlowesha miguu.

"Mzee Yeremia. Gari limetazama chini."

"Siku zote limetazama chini."

"Siku zote halijazwi maji. Nilipojaza jana mdomo wa rejeta ulikuwa bondeni, na injini imepanda mgongoni huko juu. Pale pamekaliwa na hewa. Kidude changu kimekaa kwenye hewa, hakioni maji ya moto, kitafunguaje mlango?"

Nimeishi mlimani miaka arobaini na nimesukuma magari mengi. Sikuwahi kuwaza kwamba ule ujanja wetu wa betri ungeweza kulifanyia gari jambo kama hilo.

Alisubiri lipoe, maana mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi na mtu anayependa uso wake. Mchana akaondoa jiwe, gari likateremka bila kuwashwa mpaka kwenye tambarare karibu na kanisa la Kilutheri. Barabara pale ikishaiacha tambarare hupanda tena. Kinamama waliokuwa wakifagia kanisa walitoka kusukuma. Mmoja, Rose, alimuuliza kama gari linaumwa. "Limelala vibaya," Odeta akajibu, na wote wakasukuma kwa kicheko mpaka pua ikatazama juu mlimani. Nikaweka mawe nyuma ya matairi.

Akafungua mfuniko, akamimina. Glu, ikasema. Glu, glu. Povu la hewa likapanda, likapasuka. Jagi la kwanza likamezwa lote. La pili likamezwa polepole. Kisha akawasha injini mfuniko ukiwa wazi, akafungua hita ya ndani ili hewa ya huko nayo itoke, hita ambayo sidhani kama tangu gari lifike Mwanza kuna mtu aliwahi kuifungua, na tukasimama tunatazama shimo la rejeta. Mapovu makubwa, mapovu madogo, mapovu ya moja moja. Mkono wake ulikuwa juu ya mpira wa juu.

"Baridi," akawa anasema. "Bado baridi. Bado." Halafu akautoa mkono kwa kasi. "Amefungua."

Nikaushika mpira na mimi. Ulikuwa wa moto, ghafla, kana kwamba mtu amepita na kikombe cha chai ndani yake. Mshale ulisimama chini kidogo ya katikati, ukakaa hapo.

Jumamosi Ngosha alikuja na kamba kweli, ya katani, ameizungusha begani. Tukashuka wote watatu mpaka Mwaloni. Odeta akapakia magunia mawili ya dagaa na sufuria zake nne kubwa, akamkaribisha shemeji mbele. Mimi nikakaa nyuma na dagaa. Tukaanza kupanda.

Ngosha hakutazama barabara hata mara moja. Alikuwa ameinamia dashibodi kama anayesoma barua ya mahakama. Tukapita pikipiki. Tukafika penye kona kali, Odeta akarudisha gia ya kwanza, injini ikalalama, sufuria zikagongana nyuma yangu. Mshale ukapanda unywele mmoja.

"Umeamka," Ngosha akasema.

"Subiri, shemeji."

Ukashuka unywele mmoja.

"Au huo mshale umekufa?"

"Haujafa. Kuna mlango umefunguliwa."

"Mlango gani?"

"Nikifika nitakuonyesha. Sasa hivi naendesha."

Hapo nikajua kwamba hata gari lingechemsha, lingekuwa na mtu. Halikuchemsha. Tulifika nyumbani, Odeta akageuza, akaliegesha pale pale pake, akazima. Ngosha akatoka, akaweka kiganja kwenye boneti, akasikiliza kama anavyosikiliza tumbo la ndama. Hakuna mvuke.

Odeta akatimiza ahadi. Akatoa kile kidude kilichokufa, akamwonyesha kisahani, springi na kishina cha nta, akamwambia habari ya samli na ya lile dumu lililoinama. Ngosha akakigeuza geuza muda mrefu.

"Trekta la kule kwetu fundi alitoa kidude kama hiki," akasema. "Akatupa zizini."

"Namba yake unaikumbuka?"

"Sikujua kina namba." Akakitia mfukoni bila kuomba. "Nitakwenda kutafuta kwenye samadi. Nikikipata, nitakileta ukichemshe."

"Lete Jumanne. Jumatano napika Butimba."

Gari likajongea kidogo kwenye mteremko, breki yake ya mkono ni ya zamani. Ngosha akageuka, akaokota lile jiwe, akaliweka chini ya tairi, akalikandamiza kwa kisigino mpaka likakaa vizuri. Kisha akasimama akilitazama gari, pua yake bondeni.

"Shemeji, si ulisema kulitazamisha chini ndiko kulikoleta balaa?"

"Wakati wa kujaza maji tu," Odeta akasema, akishusha sufuria. "Betri bado ni ile ile."

Ngosha akaitundika kamba yake kwenye msumari ukutani, karibu na mistari ya mkaa, akaenda kumsaidia kushusha dagaa.